Goma ni moja, habari zake nyingi: siasa za nyumbani zinavyotupangia habari za vita vya wengine

Tarehe 29 Januari 2025, siku mbili tu baada ya waasi wa M23 kutangaza kwamba wameiteka Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Congo, wazungu zaidi ya 280 walivuka mpaka wakaingia Gisenyi upande wa Rwanda. Walikuwa mamluki, wengi wao Waromania, walioajiriwa kulisaidia jeshi la Congo, na mji ulipoanguka wakajisalimisha. Wakakaguliwa mmoja mmoja, wakapandishwa mabasi kwenda Kigali wakapande ndege ya kwao. Klipu zake zilisambaa kila kona siku hiyo.

Sasa angalia zilivyosimuliwa. Kwa Kigali ile picha ikawa ushahidi kwamba Kinshasa yenyewe inapigana kwa mamluki, kwa hiyo haina mdomo wa kumlalamikia mtu kuhusu askari wa kigeni. Kwa Kinshasa watu hao walikuwa wakufunzi tu, serikali iliwaeleza hivyo tangu zamani, na kuwaonyesha wakivuka mpaka ingekuwa ni kutangaza kushindwa hadharani. Alafu kule Romania kwenyewe mahakama ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais Desemba 2024, na mkuu wa mamluki hao, Horațiu Potra, alikuwa tayari gumzo kwa kuhusishwa na mgombea aliyeongoza raundi ya kwanza, Călin Georgescu, kwa hiyo kwa Mromania habari ya Goma iligeuka kuwa mwendelezo wa habari ya uchaguzi wao, Mcongo mwenyewe ndani ya stori hiyo anapita kwa mbali.

Mabasi yale yale, watu wale wale, na hakuna mtangazaji aliyehitaji kutunga kitu.

Hiki ndo nataka kukieleza leo, maana kwenye magrupu ya WhatsApp kila ikitumwa habari ya Congo ubishi unakuwa ule ule, nani muongo, BBC wameongwa, Al Jazeera wana ajenda yao, hawa wa kwetu wamekaa kimya wanaogopa nini. Uongo upo, tena mwingi, picha za Syria zinapachikwa maelezo ya Bukavu na watu wanashare bila kuangalia. Ila uongo wa hivyo unagundulika. Kinachotusumbua zaidi ni kile kisichogundulika, yaani habari ya kweli kabisa iliyochaguliwa, ikakatwa na kuwekewa msemaji kulingana na siasa za nyumbani kwa anayeitoa: nani anabishana na nani bungeni kwao, uchaguzi ni lini, jeshi lao lipo huko au halipo, na sheria inamruhusu mwandishi kusema mpaka wapi.

Kwa asiyefuatilia, kwa kifupi: M23 walichukua jina lao kwenye makubaliano ya 23 Machi 2009 kati ya serikali ya Congo na kundi la waasi la CNDP. Waliibuka 2012, wakaishika Goma Novemba mwaka huo kwa siku kama kumi, 2013 wakachapwa na jeshi la Congo likisaidiwa na brigedi ya UN yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kisha mwishoni mwa 2021 wakarudi. Wataalamu wa UN waliripoti Julai 2024 kuwa kuna wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Congo wakiwa pamoja nao. Rwanda inakataa, inasema ni hatua za kujilinda dhidi ya FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994.

Anza na Kigali. Ukifungua vyombo vya kule wakati wa mapigano unakutana na FDLR, unakutana na chuki wanayofanyiwa Watutsi wa Congo, unakutana na raia wa Rubavu, wilaya ya Rwanda iliyo mpakani, waliouawa na mabomu yaliyorushwa kutoka upande wa Congo. Yote hayo yapo kweli, hata hao wataalamu wa UN wanaosema askari wa Rwanda wameingia ndo hao hao wameandika kwamba jeshi la Congo limekuwa likishirikiana na FDLR. Usichokutana nacho ni mwanajeshi wa Rwanda aliyefia Congo. Idadi rasmi haijawahi kutangazwa, maana kuitangaza ni kukubali kwamba walikuwepo. Na nchi nzima siasa zake zimejengwa juu ya ahadi moja, kwamba 1994 haitarudi, kwa hiyo mwandishi anayeanza na swali la "vijana wetu wanafanya nini Masisi", kule ndani ya Congo, anaonekana anaigusa ile ahadi yenyewe. Matangazo ya BBC ya Kinyarwanda yalikatwa Oktoba 2014 kwa sababu ya filamu moja tu iliyosimulia 1994 tofauti na serikali inavyosimulia. Waliobaki walielewa somo.

Kinshasa nako mambo si mepesi. Mwanzoni mwa Januari 2025, kabla hata Goma haijaanguka, waziri wa sheria Constant Mutamba aliandika kwenye X kwamba mwanasiasa, mwandishi au mwanaharakati atakayesambaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23 atakutana na mkono wa sheria, na kwa herufi kubwa akataja adhabu ya kifo. Siku hizo hizo Al Jazeera wakasimamishwa siku 90 baada ya kumhoji Bertrand Bisimwa wa M23. Juni yake mamlaka ya utangazaji ya Congo, CSAC, ikapiga marufuku vyombo kumripoti rais wa zamani Joseph Kabila, ambaye alikuwa ametoka kuonekana Goma. Sasa wewe ni mhariri wa redio ndogo pale Kinshasa, una wafanyakazi na familia zao, utapeleka hewani sauti ya upande wa pili?

Na hapa kuna kitu kinaniuma. Kwamba Congo imevamiwa ni jambo ambalo UN wenyewe wamelieleza kwa ushahidi, sio propaganda ya Kinshasa. Ila ukweli huo huo ukafanya kazi ya pili, ukafunika maswali ambayo Mcongo ana haki ya kuyauliza: pesa za askari zinaishia wapi, kwa nini makamanda walipotea mapema, kwa nini Wazalendo, wapiganaji wa kiraia walio upande wa serikali, walipewa silaha bila mtu wa kuwasimamia. Oktoba 2024 pale Kisangani rais Tshisekedi alikuwa amefungua mjadala wa kubadilisha katiba, na upinzani ulikuwa unajipanga kumkabili. Vita ilipowaka mjadala ule ulisogezwa pembeni, na aliyeendelea kuukumbusha alijikuta anatazamwa kama mtu wa Kigali.

Unaweza kusema hizo ni nchi zenye serikali kali, huko Ulaya na Marekani waandishi wako huru. Wako huru kweli, hakuna anayetishiwa kunyongwa kwa kumhoji mtu, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini siasa za nyumbani zinawapata kwa njia nyingine. Watafiti waliochambua habari za vita ya Vietnam waliona kwamba wanasiasa wa Washington walipokuwa kitu kimoja, magazeti na televisheni nazo zilikwenda nao, na wanasiasa walipoanza kugawanyika kuelekea 1968 na baada ya hapo ndo ukosoaji nao ukapata nafasi kwenye habari. Mwandishi huwa anatafuta pande mbili, sasa kama vyama vyote viwili vikubwa vinasema kitu kimoja basi upande wa pili anauona haupo, hata kama dunia nzima nje ya mji ule inapiga kelele.

Iraq ndo mfano ambao haujafutika. Oktoba 2002 Seneti ya Marekani ilimruhusu Bush kutumia jeshi kwa kura 77 dhidi ya 23, wanasiasa wengi wakubwa wa Democrats wakiwemo kwenye zile 77. Ukiwa mhariri New York hapo unaona mjadala umeshaisha. Habari za silaha za maangamizi zilipita ukurasa wa mbele zikitegemea maofisa na Wairaq wa uhamishoni waliokuwa wanataka Saddam aondoke, na tarehe 26 Mei 2004 The New York Times wakawaandikia wasomaji kwamba sehemu ya habari zao haikuwa na ukali unaotakiwa. Wakati huo vita ina mwaka mzima na watu wameshazikwa.

Rudi Congo uone jambo hilo hilo likifanya kazi kwa majirani zetu, na kwetu.

Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14 kwenye mapigano ya Goma na mji jirani wa Sake Januari 2025. Pretoria ilikuwa na serikali ya mseto tangu Juni 2024, ANC imepoteza wingi wake bungeni, vyama vingine vimepata nguvu ya kuhoji na chama cha upinzani cha EFF kinataka askari warudi nyumbani. Kwa hiyo habari za Goma kule ziligeuka haraka kuwa kesi dhidi ya wizara ya ulinzi: kwa nini wamepelekwa bila msaada wa anga, bajeti ya jeshi imekatwa mpaka wapi, waziri Angie Motshekga alijua nini. Familia za marehemu zikahojiwa, miili ilivyocheleweshwa kurudi ikafuatiliwa siku kwa siku. Juu yake ukaja mzozo wa Ramaphosa na Kagame kule X, Ramaphosa akiliita jeshi la Rwanda wanamgambo, Kagame akijibu kwamba RDF, yaani hilo jeshi lake, ni jeshi, sio wanamgambo. Msomaji wa Johannesburg alipata habari nyingi mno, nyingi kuhusu jeshi lake. Kuhusu mama wa Mugunga, nje kidogo ya Goma, aliyekimbia kambi kwa mara ya tatu, kidogo.

Sasa sisi. Wanajeshi wa Afrika Kusini walikuwa kwenye kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Tanzania tulikuwa na askari kwenye kikosi kile kile. JWTZ ilitoa taarifa mwanzoni mwa Februari kwamba askari wetu wawili wameuawa na wanne wamejeruhiwa. Taarifa ilichapishwa, ikasomwa redioni, na kwa nilivyofuatilia mimi ikaishia pale pale ilipoanzia, neno kwa neno, kama ilivyotoka makao makuu. Sikuona mtu akiuliza kikosi kilikuwa na vifaa gani, au kitabaki mpaka lini. Tarehe 8 Februari viongozi wa EAC na SADC wakakutana Ikulu ya Dar es Salaam, Kagame akaja mwenyewe, Tshisekedi akashiriki kwa video, na hapo ndo vyombo vyetu vikachangamka, misafara, mapokezi, Tanzania kinara wa amani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, hiyo isisahaulike.

Sisemi waandishi wa Afrika Kusini wana akili kuliko wa kwetu. Kule kulikuwa na wanasiasa wanaobishana kuhusu ule msafara na mwandishi anapata wa kumnukuu, kwetu hakukuwa na chama kikubwa kilichoifanya kuwa ajenda, na jeshi kwetu ni kitu cha heshima ambacho mtu hakigusi ovyo. Mwandishi wa Dar akiandika peke yake anaonekana anaongea peke yake, na mhariri wake anajua sheria za habari zinasemaje. Matokeo yake vikosi vilivyotumwa kwa jina letu viliondoka Congo kuanzia mwishoni mwa Aprili kwa kupitia Rwanda, nchi ambayo UN inasema ilikuwa upande wa pili wa mapigano, na Mtanzania wa kawaida hakuelezwa vizuri kilichotokea pale katikati.

Tabia hii kwetu ni ya siku nyingi. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na mpaka leo kuna wazee wanaikariri hotuba ile bila kukosea. Radio Tanzania na magazeti yakabeba sauti moja, Amin akawa nduli mpaka alipokimbia Aprili 1979. Vita ile ilikuwa ya haki, Kagera ilivamiwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likalipuliwa, sina shaka hata kidogo na hilo. Ila muulize Mtanzania kuhusu Kagera atakusimulia, muulize kuhusu Masaka na Mbarara, miji ya Uganda iliyobomolewa sana na jeshi letu Februari 1979, wengi hawajawahi kusikia. Muulize Mganda wa Masaka sasa. Ni vita moja, miaka zaidi ya arobaini imepita, na kila upande bado unatembea na nusu yake.

Kenya wana jeraha la aina hiyo ambalo ni bichi zaidi. Waliingia Somalia Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, na miezi ya mwanzo msemaji wa jeshi alikuwa anatoa habari za vita kupitia Twitter na televisheni zinapokea zilivyo. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab wakaivamia kambi ya El Adde. Ni shambulio baya kuliko yote kuwahi kulipata jeshi la Kenya, na serikali haikutoa idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye mahojiano kwamba ni kati ya 180 na 200, jeshi la Kenya likakanusha. CNN baadaye wakakadiria 141. Wizara ikaonya watu wasisambaze picha, mwandishi mmoja anayejulikana akakamatwa kwa alichoandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Yaani Mkenya aliyetaka kujua kaka yake yupo hai au la, redio ya taifa la jirani ilikuwa na jibu kuliko ya kwao.

Siasa gani zilikuwa nyuma yake? Serikali ya Jubilee ilikuwa imeshapigwa na mashambulio ya Westgate 2013 na Garissa 2015, uchaguzi ulikuwa mwaka unaofuata, na hoja ya kubaki Somalia ilikuwa kwamba tunapigana kule ili tusipigane hapa. Idadi ya El Adde ingeiua hoja ile. Kwa hiyo idadi haikutoka, na vyombo vingi vya Nairobi vikaandika habari za mazishi, moja moja, kaunti kwa kaunti, kwa sababu jeneza likifika kijijini hakuna ofisa wa kulizuia lisionekane. Nawapa heshima waandishi wale wa mikoani, kazi yao ndo iliyobaki.

Wakati mwingine siasa za nyumbani haziifichi vita, zinaifunika tu kwa kitu kingine. Uingereza ilitangaza Aprili 2022 mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Tarehe 13 Juni 2022 M23 wakauteka mji wa Bunagana kwenye mpaka wa Uganda, hatua iliyofungua ukurasa wote huu tuliomo. Kesho yake usiku, tarehe 14, ndege ya kwanza ya waomba hifadhi ilizuiwa kuondoka baada ya mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kuingilia. Mwingereza wiki ile alisikia neno Rwanda pengine kuliko wiki nyingine yoyote ya maisha yake, na lilikuwa neno la ugomvi wa Conservative na Labour. Kwa miaka miwili swali kwenye studio za London lilikuwa "Rwanda ni salama au sio salama", salama kwa mtu anayeshushwa Kigali. Mahakama ya juu ikasema sio salama Novemba 2023, bunge likatunga sheria Aprili 2024 kusema ni salama, Labour wakaingia Julai wakaufuta mpango. Swali la kama Congo iko salama kutoka kwa Rwanda lilibaki kwa waandishi wachache wa mambo ya Afrika, kwenye kurasa za ndani.

Nairobi walikuwa na jicho lao pia Goma ilipoanguka. Tarehe 28 Januari waandamanaji wa Kinshasa walishambulia balozi kadhaa, ya Kenya ikiwemo, kwa hiyo habari ikaanzia hapo, kisha ikahamia kwenye mabenki, maana Equity na KCB wana benki kubwa Congo na wawekezaji walitaka kujua matawi yamefungwa au la. Desemba 2023 muungano wa AFC wa Corneille Nangaa, wenye M23 ndani yake, ulizinduliwa kwenye hoteli ya Nairobi, na Congo ikamwita balozi wake nyumbani. Hilo mwandishi wa Kenya anaweza kuliandika, vyombo vya kule vina uthubutu, ila kwa siku za Goma lilizungumzwa kidogo kuliko ubalozi uliovunjwa vioo.

Alafu kuna suala la nani anaiona vita kwa macho yake. Mtu wa Kigoma hali ya hewa ikiwa nzuri anaiona milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, kambi ya Nyarugusu wamejaa wakimbizi wa kutoka Kivu Kusini wanaoongea Kiswahili, na bado habari ya Uvira, mji wa Congo ulio kwenye ziwa hilo hilo, inamfikia ikiwa imepita Paris kwa AFP au London kwa Reuters na BBC, imeandikwa Kifaransa au Kiingereza, imetafsiriwa Dar na kijana wa zamu ya usiku ambaye hana muda wa kuuliza kwa nini aliyehojiwa ni mwanadiplomasia wa Ufaransa na sio mwalimu wa Bukavu. Vyombo vyetu vichache sana vina mwandishi wao Kivu. Gharama ni kubwa, bima, usafiri, kibali, naelewa. Lakini usipomtuma mtu wako unanunua habari pamoja na siasa za nyumbani kwa aliyeiandika, na hilo halionekani kwenye bei.

Hata wale tunaowaona wa kati hawajaning'inia hewani. Al Jazeera inalipwa na Qatar. Wakati wa vita ya Yemen, Qatar ilikuwa ndani ya muungano wa Saudi Arabia tangu 2015, Juni 2017 Saudi na wenzake wakaiwekea vikwazo na mojawapo ya masharti 13 likawa kuifunga Al Jazeera. Ukifananisha matangazo ya Kiarabu ya kabla na baada ya mwezi ule, mabomu ya Saudi yanayoua raia wa Yemen yalianza kupewa uzito ambao mwanzo hayakuwa nao. Raia wa Sana'a walikuwa wanakufa muda wote. Na Machi 2025 aliyewakutanisha Kagame na Tshisekedi ni amiri wa Qatar, Doha, nchi yenye uwekezaji mkubwa kwenye uwanja wa ndege mpya wa Bugesera. Habari zao za Congo naziangalia, ni nzuri mara nyingi, ila hilo nalibeba kichwani.

Mimi siku hizi nikisoma habari ya vita naanza na nani amepewa nafasi ya kuongea na nani ametajwa tu. Kisha naangalia namba ni ya nani. Waliokufa Goma, UN mwishoni mwa Januari walisema angalau 700, tarehe 5 Februari wakasema miili kama 2,900, na tarehe 24 Februari waziri mkuu wa Congo Judith Suminwa akasema Geneva ni zaidi ya 7,000 mashariki yote tangu Januari. Namba hizo zinahesabu maeneo na siku tofauti, anayezichanganya anaweza kumwita yeyote muongo. Nikiona "zaidi ya 7,000 wameuawa" bila jina la aliyesema najua kuna kitu kimekatwa. Alafu naangalia wafu wa nani hawapo. Kwa Rwanda, hawapo wanajeshi wake. Burundi ilituma maelfu ya askari Kivu Kusini na vyombo vya Bujumbura havina orodha ya waliorudi kwenye majeneza. Hapo hapo ndo penye siasa, kwenye kile ambacho nchi haiwezi kukisema bila serikali yake kuyumba.

Washington nao walipata zamu yao. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Congo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani pale, na Desemba 4 marais wenyewe wakaja kukamilisha mbele ya Trump. Kwa vyombo vya Marekani stori ilikuwa Trump na nishani ya Nobel, na madini, koltani na kobalti, China wasiyachukue peke yao. Rubaya, yanakochimbwa koltani na watu wanaofukiwa na udongo, ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Siku chache baada ya ile sherehe ya Desemba M23 wakaingia Uvira, maelfu wakakimbilia Burundi, na ilibidi habari ile ishindane na picha za marais wakishikana mikono.

Mwezi Machi mwaka huo huo, mwezi mmoja baada ya Bukavu nayo kuanguka mikononi mwa M23, serikali ya Trump ilitoa amri ya kulibomoa shirika linaloendesha Sauti ya Amerika. Sababu yake ilikuwa ya kwao kabisa, ugomvi wa Trump na vyombo anavyoviona vinampinga. Tarehe 15 Machi wafanyakazi zaidi ya elfu moja waliambiwa wakae nyumbani, na idhaa ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na ile ya Kinyarwanda na Kirundi, zote zikisikilizwa na watu wa Kivu, wakati redio za pale Goma zimevamiwa na waandishi wake wengine wamejificha au wamekimbia. Tarehe 13 Juni Israel ilipoishambulia Iran, wafanyakazi wa idhaa ya Kiajemi waliitwa haraka warudi kazini. Wa Kiswahili hawakuitwa. Wiki mbili baadaye Congo na Rwanda wakasaini makubaliano yao Washington, mji ule ule yalipo makao makuu ya Sauti ya Amerika, na hakukuwa na idhaa yake ya Kiswahili hewani ya kuwaeleza watu wa Goma na Bukavu kilichosainiwa kwa niaba yao.